Kidole Kabla ya Jicho

Bweni la Reli, chumba namba 9
3 Machi

Dada,

Shikamoo. Simu sikupigii kwa sababu mara ya mwisho ulisema nikikukatia tena itabidi nikuandikie barua kama mtu aliyestaarabika. Haya, nimestaarabika. Soma.

Wamenifungia. Wenyewe hawaiti kufungiwa, wanaita "mafunzo ya akili na utendaji," wiki sita, bwenini, kwenye kitanda ambacho ukigeuka lazima uombe ruhusa. Miaka kumi na tisa naendesha treni, dada. Kumi na tisa! Nimepita taa nyekundu mara moja, jua likiwa usoni, nikasimama mita arobaini mbele yake, hakuna aliyeumia hata ukucha, na leo nimekaa kwenye kiti cha plastiki nafundishwa kuvuta hewa. Na kuna karatasi wamenisainisha. Nikishindwa mafunzo haya, au nikipita nyekundu nyingine baada yake, leseni inakwenda na hairudi. Sasa mimi nitakuwa nani? Kazi nyingine siijui. Hata yai sijui kulichemsha, wewe ni shahidi.

Mkufunzi ni mwanamke mfupi, mwenye miwani, sauti ya kubembeleza mgonjwa. Hajaendesha hata toroli. Mimi namwita Bibi Pumzi. Anataka tuvute hewa kwa hesabu ya nne, tuishike kwa nne, tuitoe kwa sita. Nikamwuliza, na abiria mia nane wasubiri nimalize hesabu? Akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akatugawia kalamu za rangi kama watoto wa chekechea, tuandike kilichokuwa kichwani mwetu siku ya kosa. Nikaandika: Jua. Akasema, andika zaidi. Nikaandika: Jua kali.

Tuko saba. Mmoja wa treni za mizigo analala tangu asubuhi, na huyo ndiye anayesifiwa kwa utulivu.

Nina ombi. Kile cheti cha Baba kilichopo sebuleni kwako, cha utumishi wa miaka thelathini na moja, nitumie. Nataka nikiweke mezani kwa yule mama nimwambie: huyu hakufundishwa kupumua na mtu, alizaliwa anajua. Nitakisoma mbele ya darasa zima, neno kwa neno.

Ni mimi mdogo wako,
Kisiki


Karakana ya meno
9 Machi

Kisiki,

Marahaba. Mama hakukosea kukupa jina hilo. Tangu mtoto, ukikaa njiani watu ndio wanaokuzunguka.

Nakuandikia kazini, mezani nina taya kumi na nne za plasta zinasubiri meno, zote zimeachama, na hakuna hata moja iliyowahi kutoa upuuzi kama wako. Jua usoni? Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka jioni. Nakumbuka kwa sababu nilikwenda kuchukua nta nikarudi nimelowa mpaka sidiria. Labda kwenu huko kichwani mwa treni mna jua lenu binafsi. Ukitaka kumdanganya mkufunzi, danganya. Mimi usinidanganye, nimekuogesha.

Tena nikuulize. Huyo mama unayemcheka kwa kukuambia uvute hewa, ulitaka akuambie nini, uache kuvuta? Mteja wangu akija na meno yaliyopinda, sianzi kumwuliza kama anayaamini meno ya bandia. Nampima, nasaga, nampa. Akirudi anatafuna. Imani yake ibaki nayo kwao.

Cheti siwezi kutuma. Kioo kimevunjika.

Unalala? Mwandiko wako umelala upande kama mlevi.

Dada yako


Bweni
16 Machi

Dada,

Haya, mvua. Umefurahi?

Nitakueleza, lakini usinifanye somo. Treni ikiwa kituoni, milango ikifungwa kondakta anapiga kengele mbili. Ngi-ngi. Maana yake milango iko tayari. Taa ni juu yangu mimi kuitazama. Lakini miaka kumi na tisa, mara thelathini kwa siku, ngi-ngi na mkono unasukuma wenzo wa kuondoa treni, ngi-ngi na mkono unasukuma. Siku ile kengele ililia, mkono ukaenda wenyewe. Nilipoiona taa ilikuwa imeshapita juu ya kichwa changu. Ndiyo hivyo. Ingempata mtu yeyote. Hao wanaonihukumu wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, kosa lao kubwa ni kumwaga chai.

Sasa sikiliza dawa aliyotuletea Bibi Pumzi. Utacheka ufe. Kila unapofika kwenye taa, unyooshe mkono wote, kidole mbele, na useme kwa sauti: "Taa ya kijani, nimeiona!" Peke yako! Mtu mzima, mwenye ndevu, unaongea na taa! Anasema jicho likisaidiwa na mkono na mdomo, akili haipati nafasi ya kutoroka. Akili yangu ikatoroke iende wapi, na mshahara huu?

Basi mimi nimekuwa kiburudisho cha bweni. Chakula cha mchana nasimama juu ya benchi, nashusha miwani ya kuazima mpaka puani, nanyoosha kidole: "Kijiko, nimekiona! Sahani ya mwenzangu, nimeiona! Nyama yake, siioni tena!" Watu wanashika mbavu. Hata yule wa mizigo aliamka. Nimeifanya kila siku wiki hii, asubuhi, mchana na jioni, wananiomba wenyewe.

Kioo kikivunjika cheti hakivunjiki. Toa karatasi, kunja, tia kwenye bahasha. Au kuna jambo?

Kisiki


Ofisi ya mafunzo
20 Machi

Kwa dereva wa chumba namba 9,

Nimepata habari kwamba unaniigiza wakati wa chakula. Jana nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nikatazama mwenyewe.

Sauti umeipata. Miwani umeipata. Lakini uigizaji wako una kosa, na ni kosa lile lile lililokuleta hapa. Unanyoosha kidole kabla ya kutazama. Kidole chako kilikuwa kimefika mahali pa kijiko na macho yako bado yako kwa watu, kuona kama wanacheka. Ulitamka "nimekiona" na hukukiona. Nilikuwa nimekiondoa kwenye sahani yako dakika mbili kabla, na hukujua.

Kunipenda si sehemu ya mafunzo. Wala kuniamini. Ukitaka kuniigiza, niigize vizuri: jicho, kisha kidole, kisha mdomo. Vinginevyo usinisumbue, nina madereva sita wengine.

Mkufunzi


Bweni
21 Machi

Dada,

Soma hiyo barua niliyoiambatanisha, kisha uniambie kama huyo ni mtu wa kubembeleza wagonjwa. Kijiko changu! Mwizi wa vijiko! Nilidhani ni yule wa mizigo, nikamtukana bure.

Eti siigizi vizuri. Mimi! Nyumba nzima ilikuwa ikinikalisha katikati niwaigize wajomba, watu wanalia kwa kicheko, leo mtu ambaye hata kucheka hajui anifundishe kuigiza. Sasa atanikoma. Nitamwigiza mpaka ajione yupo wawili. Najifunza chumbani mbele ya kioo. Jicho kwenye bomba, natulia, kidole, "Bomba limefungwa, nimeona!" Jicho kwenye pasi, kidole, "Pasi imechomolewa, nimeona!" Mlango, dirisha, swichi. Nazunguka chumba kizima kabla ya kulala, mara mbili, mpaka igizo lisiwe na kasoro. Jana nilivyomaliza nililala hapo hapo na viatu miguuni, nikaamka jua limechomoza. Mazoezi ya kumdharau mtu yanachosha kuliko kazi.

Ijumaa kuna jaribio kwenye chumba chenye picha za njia ya reli ukutani. Nitafanya igizo langu mbele yake, sura kwa sura, tuone nani ataondoka na aibu.

Na cheti, dada. Safari hii sikuombi, nakudai. Nataka siku hiyo kiwe mfukoni mwangu.

Kisiki


Karakana ya meno
27 Machi

Kisiki,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilifunga mlango wa karakana nikakaa chini. Bomba, pasi, mlango. Wewe kweli hukumbuki?

Cheti ni hiki hapa, nimekitia ndani. Kioo hakikuvunjika, nilikudanganya. Kisome kabla hujakipeleka mbele ya watu. Kisome chote, si ule mstari wa juu wenye herufi za dhahabu ambao tumeukariri. Angalia chini, penye mwandiko wa mashine. Dereva wa treni, miaka kumi na moja. Bohari ya taa, miaka miwili. Dereva wa treni, miaka kumi na minane. Ukijumlisha ni thelathini na moja, hawakusema uongo. Uongo tuliusema sisi.

Baba alipita nyekundu. Kengele mbili, kama wewe. Walimwondoa njiani wakampeleka bohari kusafisha vioo vya taa, na wewe ulikuwa na miaka mitano. Mama alisema tukwambie Baba anaendesha treni ya mbali sana ndiyo maana anarudi mikono ikinuka mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo, amezungukwa na taa nyekundu na za kijani, anazitazama moja moja, na midomo inamchezacheza. Nilidhani anasali.

Alivyorudishwa njiani ndipo alipoanza nyumbani. Kila usiku kabla ya kulala: "Jiko limezimwa. Bomba limefungwa. Mlango umefungwa." Na kidole. Hakuna aliyemfundisha, hapo ulisema kweli. Aliipata mwenyewe pale kwenye ndoo, kwa miaka miwili, maana hakukuwa na mtu wa kumpa kwa wiki sita na kalamu za rangi. Wewe umeletewa mezani na kijiko juu yake, na bado unatema.

Tulimcheka, Kisiki. Tulidhani anaanza kuchanganyikiwa. Na aliyekuwa anamwigiza vizuri kuliko wote ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka minane. Siku ya wageni ulipanda kwenye stuli, ukavaa kofia yake ikakufika puani, ukanyoosha kidole: "Mama yupo! Kuku yupo! Akili ya Baba, haipo!" Watu wakaangua kicheko. Mimi pia. Nikageuka, Baba amesimama mlangoni na begi lake la kazi. Alicheka na wageni. Tangu siku ile hakunyoosha tena kidole ndani ya nyumba. Alikuwa akisubiri tulale.

Umemvisha kilemba cha ukoka miaka yote hii, shujaa aliyezaliwa anajua. Sikutaka kukivua. Lakini ulitaka kukisoma cheti mbele ya darasa, neno kwa neno, na ungefika mstari wa pili ungali umesimama.

Sasa unajua. Fanya utakavyo na jaribio lako.

Dada


Karakana ya meno
18 Aprili

Mdogo wangu,

Wiki tatu kimya. Bweni wanasema umemaliza, umefaulu, umerudishwa njiani. Hayo nimeyapata kwa bawabu, mtu baki, ambaye ameniambia pia kwamba siku ya mwisho hukupanda benchi.

Kama umekasirika niandikie matusi, matusi nimeyazoea. Kunyamaza ndiko kusiko kwako. Nimekoroga plasta ikaganda ndoo nzima kwa kufikiria kama nilifanya vema. Mteja alikuja kuchukua meno yake, nikampa ya mtu mwingine, na alikuwa ameshaanza kuyavaa.

Sitaomba radhi kwa kusema kweli. Naomba radhi kwa kuikalia miaka thelathini na nne.

Andika hata mstari mmoja.

Dada


Nyumbani
2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sikukasirika. Au nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani, wote wamekufa isipokuwa wewe na mimi.

Kwanza nikwambie ambalo sikukwambia. Niliposema hakuna aliyeumia hata ukucha, ilikuwa kweli, lakini palikuwa na mtu. Fundi wa reli, alikuwa ameinama anakaza nati, mvua imemziba masikio. Aliruka, dada. Nilivyosimama na kushuka, kiatu chake kimoja kilikuwa chini ya gurudumu na yeye amekaa majanini na soksi, ananitazama. Hakunitukana. Bora angenitukana. Kile ndicho nilichokuwa nakiona kila nikifumba macho, na ndicho Bibi Pumzi alichokuwa ananiambia niandike zaidi, nami namwandikia jua kali.

Jaribio la Ijumaa lilipita kabla barua yako haijafika. Nilimwigiza mwanzo mwisho, kwa dharau yote niliyokuwa nayo, hata miwani nilivaa. Picha sitini za taa. Sikukosa hata moja. Alipomaliza kuhesabu nikamwambia, mama, mimi nilikuwa nakukejeli. Akasema, najua, na mkono wako haujui. Akanipa karatasi ya kufaulu na kijiko changu.

Cheti kilifika kesho yake. Nilikisoma kwenye ngazi ya bweni. Sikukipeleka kwa mtu.

Kukumbuka, nakumbuka sasa. Kofia ilinuka mafuta ya taa. Nilikuwa naona kicheko cha watu, kama kawaida yangu, sikutazama mlangoni. Kidole kabla ya jicho, tangu miaka minane. Nilirudi kazini nikakataa kukifanya kile kitu. Nilishindwa, mdomo ulikuwa mzito, kila nikinyoosha mkono naona kofia inanifika puani. Siku nane niliendesha kimya kama zamani, najiambia mimi ni dereva, si kasuku.

Siku ya tisa, kituo kile kile. Saa mbili asubuhi, watu wamejaa mpaka milangoni. Kondakta akapiga, ngi-ngi. Nikauhisi mkono unaondoka, naapa, kama mbwa aliyeitwa. Sikuwa nimefikiri kitu. Lakini jicho lilikuwa limeshanyanyuka lenyewe, kwa yale mazoezi ya kipumbavu ya bomba na pasi, na kidole kikalifuata, na mdomo nao ukaanza kwa sauti ya Bibi Pumzi, ile ya puani, "Taa ya..." ukakwama. Kwa sababu haikuwa ya kijani.

Nikasema nyekundu. Nikasema tena. Nikaondoa mkono kwenye wenzo nikaukalia.

Dakika moja baadaye treni ya upande wa pili ilikata mbele yangu pale kwenye makutano, imejaa kama yangu. Nilimwona mwanamke dirishani anajipaka mdomo rangi. Kondakta akapiga tena kengele kwa hasira, akaja kugonga mlango, we mzee umelala? Nikamwonyesha taa. Akasema aa. Akarudi zake. Hakuna aliyeandika ripoti. Treni iliyosimama kwenye nyekundu haina habari.

Usidhani nimeokoka. Kalamu za rangi bado ni ujinga, na hesabu ya nne kwa nne kwa sita naifanya kwa shingo upande, usiku tu, na nikilala ni bahati mbaya. Bibi Pumzi bado simpendi. Nimempelekea salamu kwa bawabu, fupi. Na yule wa mizigo sasa ananiita mwalimu, namdharau zaidi ya zamani.

Lakini nanyoosha kidole. Kila taa. Vijana kazini wananicheka, juzi mmoja aliniigiza kwenye chumba cha kupumzikia, kavaa kofia yangu. Anaigiza vibaya, anaanza na kidole. Nilicheka nao. Kisha nikamwita nje nikamwonyesha, jicho kwanza. Akaniona mwendawazimu.

Cheti sikurudishii. Nimekitundika juu ya bomba, hakina kioo, na nimekipandisha mpaka mistari ya chini iwe sawa na macho yangu. Fundi wa reli nimemtafuta, nimempelekea viatu, pea nzima. Vilimbana, akavichukua hivyo hivyo.

Sasa natoka kwenda posta, na humu ndani niko peke yangu, nasema kwa sauti yangu mwenyewe. Jiko limezimwa, nimeona. Bomba limefungwa, nimeona. Pasi imechomolewa, nimeona. Barua ya dada iko mkononi, nimeiona. Baba, bohari ya taa, miaka miwili, nimeiona.

Mdogo wako,
Kisiki